Unyevu Ulio Chini ya Tangi



Wasomaji wetu watukufu, mama zetu, dada zetu na ndugu zetu, tumezoea katika safu hii kuzungumza juu ya malezi, mirathi na haki za jirani. Wiki hii twaomba mtuvumilie, kwani twataka kuzungumza juu ya tangi la dizeli. Huenda mtu akauliza: sheikh ana nini na mafuta ya injini? Jawabu letu ni kwamba tangi hilo lilitufedhehesha, na katika fedheha hiyo tukamdhulumu mtu asiye na kosa. Dhuluma iliyotendwa mbele ya watu haifai kuombewa radhi chumbani.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika msikiti mmoja wa upande wetu wa Likoni, ambao sisi ni miongoni mwa wanaoshauriana na kamati yake, pana jenereta na tangi la chuma la lita 500. Tangi hilo liko uani nyuma ya mahali pa kutilia udhu, nalo ni sadaka ya mtu aliyetaka thawabu zimfikie mzazi wake. Jenereta huendesha taa, vipaza sauti na, muhimu zaidi, pampu inayovuta maji kisimani.

Usiku mmoja baada ya Isha aliletwa mama mmoja wa mtaa aliyekuwa amefariki, ili aoshwe katika chumba cha kuoshea maiti. Wanawake wanne waliingia kufanya kazi hiyo tukufu. Walikuwa hawajafika nusu yake pale stima ilipokatika mtaa mzima. Jenereta ikawashwa, ikanguruma kiasi cha dakika tano, ikakohoa, ikazima. Ikawashwa tena, ikazima tena. Maji yakakatika na maiti ya watu iko juu ya kitanda.

Wanawake wale, Mwenyezi Mungu awalipe kheri, hawakulalamika. Mmoja alishika tochi ya simu, na wengine wakatoka na ndoo wakabisha nyumba za jirani zenye visima. Maji yakapatikana na marehemu akaoshwa kwa sitara na heshima yake kamili. Lakini binti wa marehemu alisimama mlangoni muda wote ule, na macho yake hatujayasahau.

Kesho yake baada ya maziko, barazani, likaulizwa swali: mafuta yamenunuliwa wapi? Ikakumbukwa kwamba siku mbili kabla, lita 40 zilikuwa zimenunuliwa katika kituo kidogo cha mafuta cha ndugu mmoja anayeswali pamoja nasi. Mtu mmoja akasema, "Basi huyo ndiye aliyetuuzia maji." Mwengine akaongeza kuwa amesikia hivyo zamani. Nasi tukatikisa kichwa.

Tukatikisa kichwa tu, wala hatukusema neno. Lakini kichwa cha mtu anayeitwa sheikh kikitikisika barazani, watu hukichukua kuwa ni ushahidi. Kabla ya Magharibi habari ilikuwa imefika majumbani. Wenye matatu wawili waliokuwa wakinunua kwake wakahamia kwengine, na mkewe alipokwenda kutoa mkono wa tanzia kwa wafiwa, wanawake wakamsogelea mbali. Siku ya pili yule bwana hakuonekana katika safu ya Alfajiri.

Siku ya tatu akaja fundi kutoka Changamwe, mtu mzima ambaye umri wake wote umepita katika injini za malori. Hakuuliza mafuta yamenunuliwa wapi. Aliomba chupa tatu za kioo zilizo safi na kavu. Ya kwanza aliijaza mafuta kutoka juu ya tangi. Ya pili aliijaza kwa kufungua koki ya chini kabisa, koki ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuwa imewahi kufunguliwa. Ya tatu alimtuma kijana akainunue palepale kituoni, kutoka kwenye pampu. Kisha akaziweka zote ukutani penye jua.

Chupa ya kituoni iling'ara kama chai ya rangi iliyo nyepesi. Chupa ya juu ya tangi ilikuwa na ukungu kidogo. Chupa ya chini ilikuwa maji matupu, meusi, yenye ute kama wa bamia na vumbi la kutu, na juu yake utando mwembamba wa mafuta. Kisha akafungua filta ya jenereta akatuonyesha ute uleule umeganda juu yake.

"Sheikh," akasema, "ute huu hauoti kwa siku mbili. Huu ni wa miezi mingi. Mafuta yenu mapya kosa lake ni moja tu: yalipomiminwa yaliutibua."

Hapo tulifahamu kwamba mtuhumiwa alikuwa ni sisi wenyewe. Tangi lilijazwa wakati wa kufunguliwa, likatumika kidogo, kisha likaachwa robo kwa masika nzima na miezi iliyofuata. Kila mmoja katika kamati alidhani mwenziwe ndiye anayeliangalia.

Wasomaji wetu, maji yaliingiaje ndani ya tangi lililofungwa? Tulimuuliza fundi, naye alitueleza kwa lugha ambayo kila mpishi ataifahamu. Mnapofunika sufuria ya wali, mvuke hupanda ukagusa kifuniko, ukageuka matone. Tangi lililo robo lina hewa robo tatu, na hewa ya pwani yetu imejaa unyevu. Mchana jua huipasha ikatanuka, sehemu yake ikatoka kwa tundu la kupumulia. Usiku tangi hupoa, nalo huvuta hewa nyengine mbichi. Unyevu wa hewa hiyo huganda kwenye kuta za chuma, ukatiririka chini. Tone moja usiku huu, tone jengine usiku ujao, na mwisho wa msimu mnakuwa na kisima ndani ya tangi.

Maji yakishaingia hayachanganyiki na dizeli. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, ilhali lita moja ya dizeli ina kama gramu 830 hadi 850. Kwa hiyo maji hukaa chini na mafuta hukaa juu, na mwenye kuchungulia kwa kifuniko huona mafuta tu. Hapo yanapokutana maji na mafuta huota vijidudu vya aina ya bakteria na kuvu, ambavyo hula mafuta na kunywa maji. Ndio wanaotoa ule ute. Ute huziba filta, na asidi inayotokana nao hula chuma cha tangi. Na maji yakivutwa hadi ndani ya pampu ya mafuta na nozeli za injini, hutia kutu mahali ambapo nafasi baina ya chuma na chuma ni nyembamba kuliko unywele.

Kwa hivyo twawaletea mambo ambayo fundi alitufundisha, na ambayo tangu siku hiyo tumeyafanya. Yanamhusu kila mwenye dizeli iliyowekwa: msikiti, madrasa yenye basi, mwenye mashine ya kusaga, mwenye mashua ya injini ya dizeli, na nyumba yenye jenereta.

La kwanza, fungueni koki ya chini mara moja kila mwezi, na katika miezi ya mvua kila wiki mbili. Fanyeni asubuhi, mafuta yakiwa yametulia usiku kucha, kabla injini haijawashwa. Kingeni kwa chupa ya kioo. Mkiona mstari baina ya tabaka mbili, la chini ni maji. Endeleeni mpaka yatoke mafuta matupu. Kama tangi halina koki, mafundi wana dawa ya kupaka kwenye fimbo ya kupimia, ambayo hubadilika rangi ikigusa maji.

La pili, tangi likae karibu na kujaa, lakini liachiwe nafasi kidogo ya mafuta kutanuka kwa joto. Palipo na mafuta hapana hewa, na pasipo hewa hapana unyevu wa kuganda.

La tatu, liwe kivulini au lipakwe rangi nyeupe, lisipande joto sana mchana. Liinamishwe kidogo kuelekea koki, na bomba linalopeleka mafuta kwenye injini lianze juu kidogo ya sakafu ya tangi, lisinyonye taka.

La nne, angalieni mpira wa kifuniko, na tundu la kupumulia liwe na shingo iliyopinda kuelekea chini, mvua isiingie. Kifuniko chetu kilikuwa kimepoteza mpira wake, na hakuna aliyejua tangu lini.

La tano, dizeli nayo huzeeka. Ikihifadhiwa vizuri hukaa miezi sita hadi mwaka, kisha huanza kubadilika rangi na kutoa masimbi. Andikeni tarehe ya kununua, nunueni kadiri ya haja, na ya zamani itumike kwanza. Jenereta iwashwe kila wiki kwa nusu saa ikibeba taa na pampu, ili mafuta yasilale.

La sita, msiweke dizeli katika chombo cha shaba wala cha bati lililopakwa zinki. Madini hayo huyaharibu mafuta. Chuma cha kawaida, au madumu ya plastiki yaliyotengenezwa kwa mafuta, ndiyo yafaayo.

La saba, tangi likishaota ute, dawa ya kuua vijidudu peke yake haitoshi, kwani vikifa huanguka chini vikabaki taka. Hapana budi lifunguliwe lisafishwe na fundi ajuaye. Na tangi kubwa la kuingia mtu, asiingie mtu kabisa ila mwenye ujuzi na vifaa, kwa sababu hewa ya ndani huua.

Kwa mama zetu tuna maneno mawili zaidi. Maji machafu yanayotoka tangini yasimwagwe uani wala kwenye shimo la choo. Nyumba nyingi za Likoni na Kisauni zategemea visima, na mafuta yakiingia ardhini hayana adabu ya kuheshimu mpaka wa jirani. Mwaka 2015 mafuta yaliyovuja kutoka bomba la mafuta yaliingia Mto Thange, kaunti ya Makueni, na watu waliokuwa wakinywa, wakinywesha mifugo na kumwagilia mashamba kwa maji yale wakapata taabu ya miaka. Yakusanyeni kwenye dumu, mmkabidhi fundi au mwenye kazi ya kukusanya oili chafu.

Na la pili: mafuta yoyote yasiwekwe katika chupa ya soda au ya maji, wala mtoto asitumwe kufyonza mafuta kwa mpira kwa mdomo wake. Mtoto akiyameza asitapishwe, kwani yakirudi yaweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali upesi.

Sasa huenda mtu akasema: sheikh, mbona mwawatetea wauza mafuta, na wadanganyifu wapo? Hatuwatetei. Wapo, na Kenya nzima yawajua. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo kuliko dizeli, ili maskini apate kupika na kuwasha taa. Wenye tamaa wakaona njia: wakayanunua kwa wingi wakayachanganya na dizeli, wakauza mchanganyiko kwa bei ya dizeli. Mafuta ya taa hayana ulainisho wa dizeli, na pampu ya injini hulainishwa na yale mafuta yanayopita ndani yake. Ikinyweshwa mchanganyiko, husagika kidogo kidogo mpaka ikafa.

Serikali ilifanya nini? Ilitia alama ya siri katika mafuta ya taa, ili wakaguzi wapime vituoni. Na mwaka 2018 ikaongeza tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, bei yake ikaribiane na ya dizeli na faida ya kuchanganya iondoke. Hapo ndipo twataka mtafakari. Tozo ile haikulipwa na mwenye kuchanganya peke yake. Ililipwa na mjane wa Mtongwe mwenye jiko la utambi, na mwanafunzi wa Kisauni anayesoma kwa kandili. Mtu alighushi dizeli ya lori, na gharama ikafika jikoni kwa bibi asiye na hata baiskeli.

Imamu Muslim ametupokelea kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenyewe, akajibu kuwa kilipatwa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye.

Hadithi hii tumeifundisha miaka mingi, na daima tuliifundisha kwa kumwelekezea kidole mwenye duka. Tangu siku ya chupa tatu twaisoma na upande wake mwengine. Mtume (S.A.W.) hakuhukumu kwa uso wa rundo, wala kwa uvumi wa soko. Aliingiza mkono, akagusa, kisha akauliza. Sisi tulihukumu bila kuingiza mkono, na unyevu wenyewe ulikuwa katika rundo letu. Suratul Hujurat, ambayo watoto wetu waihifadhi madrasani, yatuamrisha kuchunguza habari kabla ya kuitenda, na yatukataza dhana nyingi. Kuihifadhi twaihifadhi, lakini barazani siku ile hatukuikumbuka.

Na sisi wa bara hii ya Mombasa tulikuwa na udhuru mdogo kuliko wengine. Changamwe ndiko kulikojengwa kiwanda cha kusafishia mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963 na kusimamisha usafishaji mwaka 2013. Kutoka Mombasa ndiko bomba la mafuta lilikoanza kupeleka mafuta Nairobi mwaka 1978. Gati jipya la Kipevu lililofunguliwa mwaka 2022 hupokea meli za mafuta yanayotumika Kenya na nchi jirani zisizo na bahari. Vijana wetu wamefanya kazi katika matangi yale makubwa tuyaonayo tukipita barabarani, na ukimuuliza yeyote kati yao atakwambia kuwa kupima na kutoa maji ya chini ni kazi ya desturi pale, haingojwi mpaka pawe na msiba. Elimu ilikuwa mlango wa pili, nasi hatukubisha.

Na anayeshuku kituo fulani kwa haki, njia iko. Achukue mafuta kwenye chupa safi, ayaache yatulie, ahifadhi risiti, azungumze na mwenye kituo kwa faragha, na akiona ana sababu apeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ambayo ina wakaguzi na vipimo. Baraza haina kipimo chochote.

Jioni ya siku ile ya tatu tulikwenda nyumbani kwa yule bwana, sisi na wenzetu wawili wa kamati. Alitukaribisha, mkewe akatuletea kahawa na haluwa. Tukamweleza yote, tukamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Sheikh, mimi nimesamehe. Lakini neno lilisemwa barazani, na mke wangu alilisikia kwenye tanzia. Kahawa hii tunaywa watu watano."

Alisema haki. Ijumaa iliyofuata, baada ya Swala, tulisimama tukataja kosa letu mbele ya waumini, na zile chupa tatu zikawekwa mezani kila mtu azione. Kwa upande wa wanawake, mmoja wa wale wanne walioosha maiti usiku ule alichukua chupa ya chini akaipitisha kwa mikono yao. Kisha akaja kwetu na ombi: daftari la tangi lisiwe kwa wanaume tena. "Sisi ndio tuliobisha milango na ndoo," alisema.

Hatukuwa na la kujibu. Sasa daftari liko kwao. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi vijana wawili wa madrasa hufungua koki, na mama mmoja huandika tarehe, kiasi cha maji yaliyotoka, na lita zilizobaki. Mwezi wa kwanza baada ya kusafisha yalitoka maji ya kujaza kikombe cha kahawa, na mwezi uliopita hayakutoka hata tone. Mafuta twanunua kituo kilekile.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu mama yule aliyetuachia funzo hili, na atusamehe yaliyotikiswa na vichwa vyetu kabla mikono haijagusa. Wabillahi tawfiq.